Kumlea Kobe Mchanga wa Maji: Mlo, Jua na Gamba Imara

Kobe wa maji akitoka kwenye yai ana urefu wa karibu sentimita 3. Anaenea kwenye kijiko cha mezani, na udogo huo ndio unaowafanya watu wamnunue bila kuuliza mengi. Muuzaji humtia kwenye kidishi cha plastiki chenye mnazi wa bandia katikati, humpa mteja kopo la uduvi mkavu, na biashara inaishia hapo.

Kidishi kile na kopo lile ndivyo vinavyowaponza kobe. Kobe mchanga anayefugwa ni nadra kufa kwa njaa. Kinachomuua ni chakula cha aina moja, maji baridi na kukosa jua, na madhara yake hayaonekani wiki ile wala mwezi ule. Gamba linapoanza kulegea, mwili umeshachota madini kwenye mifupa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo usiufikirie mlo wa kobe peke yake. Chakula, kalsiamu, jua na joto hufanya kazi pamoja. Ukimnyima kimoja, vile vingine vitatu havimfai kitu.

Hakikisha ni kobe gani

Mwongozo huu unamhusu kobe wa maji mwenye mlia mwekundu nyuma ya kila jicho, ambaye kwa jina la kisayansi ni Trachemys scripta elegans. Asili yake ni mito na mabwawa ya bonde la Mississippi, kusini mwa Marekani, hadi kaskazini mwa Meksiko. Ameuzwa na kusambazwa duniani kuliko kobe mwingine yeyote wa kufugwa, na Waswahili wengi wanaoishi Ghuba na Amerika Kaskazini hukutana naye kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Jike hukua hadi sentimita 25 au 30, dume hubaki mdogo kidogo. Akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30, na wengine hupita hapo.

Mtazame miguu kabla ya kumlisha. Kobe wa maji ana utando kati ya vidole na gamba lililolala. Kobe wa nchi kavu ana miguu minene isiyo na utando, na gamba lake limeinuka. Huyu wa nchi kavu hula majani na nyasi. Ukimpa nyama na punje za kobe wa maji utamharibu figo na gamba. Kasa wa baharini si wa kufugwa kabisa. Ukimkuta ufukweni, hata akiwa kifaranga, mwachie njia aende zake.

Sheria nayo usiiruke. Kenya na Tanzania haziruhusu kuokota kobe porini na kumfuga bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Kobe bapa wa miambani, anayepatikana katika nchi hizo mbili, amewekwa tangu 2019 kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Uliza kibali kwanza, ununue baadaye.

Siku za kwanza nyumbani

Kobe aliyeanguliwa karibuni huja na akiba ya kiini cha yai tumboni. Kwa siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, anaweza kukataa chakula na asiwe mgonjwa. Usimlazimishe kufungua kinywa. Ukiona bado ana uvimbe mdogo wa manjano kwenye gamba la tumbo, muweke kwenye maji safi yenye kina kifupi, usimshikeshike, na subiri uingie wenyewe.

Kwanza rekebisha joto. Kobe hana joto lake mwenyewe la mwili. Hutegemea maji na jua. Maji ya kobe mchanga yawe nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi. Chini ya hapo hamu ya kula hupungua, na akila, chakula hukaa tumboni bila kusagika. Wafugaji wengi wanaolalamika kwamba kobe wao "hataki kula" wangepata jibu kwa kutumbukiza kipimajoto majini.

Akishatulia, mpe kitu kinachocheza: kipande kidogo cha nyungunyungu kinachojinyonganyonga huwaamsha hata wale wazito. Mpe majini, si juu ya jiwe. Kobe huyu hawezi kumeza vizuri nje ya maji. Akikinyakua chakula nchi kavu hukiburura hadi majini ndipo akimeze.

Punje: msingi, si mlo wote

Huko kwao, kobe mchanga hula wadudu, viluwiluwi, konokono na samaki wadogo. Kadiri anavyokua ndivyo mimea ya majini inavyoongezeka kwenye mlo wake, hadi utu uzima ambapo mimea huchukua sehemu kubwa. Mlo wa nyumbani ufuate mwendo huo.

Msingi uwe punje zilizotengenezwa kwa ajili ya kobe wa maji wachanga. Soma kopo: protini iwe kati ya asilimia 30 na 40, na kalsiamu iwe imetajwa. Punje za samaki wa mapambo hazitoshi. Uduvi mkavu unaouzwa kwenye kopo lenye picha ya kobe ni kionjo tu. Hauna vitamini za kutosha, lakini kobe huupenda mno, na akiuzoea atakataa kila kitu kingine. Mpe mara moja kwa wiki, au usimpe.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Mtazame kobe akiwa amenyoosha shingo. Fikiria kichwa chake kingekuwa chombo kitupu: punje za siku moja zisizidi zile ambazo zingejaa humo. Kwa kobe wa sentimita 3 au 4 hizo ni punje ndogo chache tu, na mfugaji mgeni huona kama anafanya uchoyo. Njia nyingine ni kumpa kidogokidogo kwa dakika 10 hadi 15, kisha kuondoa kilichobaki.

Usidanganywe na kuomba kwake. Ukipita karibu na tangi ataogelea mbio hadi kwenye kioo, atapiga makucha, atainua kichwa akutazame. Huo si ushahidi wa njaa. Ameshakujua kwamba wewe ndiye mleta chakula, na ataomba hata dakika tano baada ya kula.

Nyama, wadudu na samaki

Siku mbili kwa wiki, badala ya punje, mpe kitoweo cha asili:

- Nyungunyungu wadogo, waliooshwa na kukatwa vipande vinavyoenea kinywani.
- Nyenje na panzi wadogo waliofugwa, au waliokamatwa mahali pasipopuliziwa dawa. Mdudu wa shamba la mboga linalopuliziwa anaweza kumuua kobe siku hiyohiyo.
- Samaki mdogo akiwa mzima, pamoja na mifupa yake, kwa sababu kalsiamu imo humo. Dagaa wakavu waroweke na kuwasuuza hadi chumvi itoke, na wawe chakula cha mara mojamoja.

Epuka kumlisha samaki wa dhahabu na jamaa zake wa ukoo wa samaki aitwaye kapu (carp). Wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kobe anayewala mara kwa mara hupungukiwa na vitamini hiyo.

Nyama ya kusaga, maini kila siku, soseji na kuku wa kukaanga viache mezani kwenu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na karibu haina kalsiamu. Kobe huhitaji kinyume chake, kalsiamu ikikaribia mara mbili ya fosforasi. Akila nyama ya kusaga miezi mitatu mfululizo atanenepa na kuonekana ana afya, huku gamba likikosa cha kulijenga.

Majani tangu siku ya kwanza

Kobe mchanga mara nyingi hupuuza majani. Yaweke hata hivyo, kila siku. Anayeyaona majani tangu utotoni huyakubali akikua. Asiyeyaona hukataa mboga akiwa na miaka miwili, na hapo kumbadilisha ni vita.

Sukuma wiki ni miongoni mwa mboga bora zilizopo sokoni kwa kazi hii, maana ina kalsiamu nyingi. Likunje jani, ondoa mshipa mgumu wa katikati, lichane nyuzi nyembamba, kisha zibane nyuzi hizo kwenye klipu yenye kikombe cha mpira kinachoganda kwenye kioo, zielee usawa wa maji. Kobe hushambulia kitu kinachotikisika. Jani lililozama chini huoza bila kuguswa.

Badilisha na hizi: letusi ya majani marefu ya kijani, figiri, chainizi, karoti iliyokunwa na boga bichi lililokunwa. Karoti na boga humpa kobe malighafi ya vitamini A, ambayo upungufu wake huvimbisha macho. Gugumaji pia huliwa, mradi limeoteshwa kwenye maji safi ya nyumbani. Usilitoe ziwani wala kwenye mfereji wa mji, kwa kuwa mmea huo hunyonya metali nzito na taka nyingine.

Mboga zenye mipaka ni spinachi na mchicha. Zina oksaleti, ambayo huishika kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini. Mara mojamoja hazina neno. Zikiwa mboga ya kila siku zinafuta faida ya kalsiamu uliyompa. Letusi nyeupe ya mviringo ni maji matupu. Kisamvu kibichi kina sianidi, na parachichi ni sumu kwa wanyama wengi, kwa hiyo vyote viwili visiguswe. Ugali, wali, mkate, maziwa na jibini si chakula cha kobe wa umri wowote.

Kalsiamu haiingii bila jua

Mionzi ya jua iitwayo UVB ikigusa ngozi ya kobe, mwili hutengeneza vitamini D3. Vitamini hiyo ndiyo inayowezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Bila D3, kalsiamu uliyoinunua kwa bei ghali hupita tu na kutoka na kinyesi, na mwili huanza kuichota kwenye mifupa na gamba. Matokeo yake ni ugonjwa wa mifupa laini: gamba hubonyea, taya hulegea, miguu hupinda.

Kwa kalsiamu ya ziada, wakazi wa pwani wana bahati. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, jamaa wa ngisi, hutupwa na mawimbi ufukweni. Uokote, usugue, uchemshe, uanike hadi ukauke, kisha uondoe ule upande mgumu wenye makali na uache sehemu laini. Kitupe kipande majini kielee. Kobe atakiguguna apendapo, na wakati huohuo mdomo wake hupata kusuguliwa usirefuke. Walio mbali na bahari watanunua mfupa huohuo kwenye duka la vifaa vya ndege wa kufugwa.

Afrika Mashariki jua halina bei. Mtoe nje asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki. Tumia beseni pana la plastiki, si tangi la kioo: kioo huzuia UVB na huku kikiyachemsha maji. Nusu ya beseni iwe na kivuli ili achague mwenyewe. Funika kwa wavu, hasa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ambako kunguru hawahitaji zaidi ya sekunde moja. Na usiingie ndani kupokea simu. Beseni dogo hupata joto upesi, na kobe wa gramu chache huiva kabla hujarudi.

Muscat, Dubai na Doha wakati wa kiangazi hali ni nyingine kabisa. Joto la kivulini hupita nyuzi 40, na kibaraza si mahali pa kobe mchanga. Huko, na vilevile kwenye nchi zenye baridi kali, tegemea taa ya UVB. Iwashe saa 10 hadi 12 kwa siku, juu ya mahali pake pa kuota jua, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Pasiwe na kioo wala plastiki kati ya taa na kobe. Dirisha lililofungwa halimsaidii hata kama jua limejaa chumbani. Badilisha taa kila miezi 6 hadi 12: mwanga utaendelea kuonekana, lakini UVB itakuwa imeshapungua.

Nyumba inayosaidia chakula kufanya kazi

Mahali pa kuotea jua pawe pakavu kabisa, na joto lake liwe nyuzi 32 hadi 35. Kobe akishakula hupanda hapo, hunyoosha miguu ya nyuma na kutulia. Joto hilo ndilo linalosaga chakula. Ndiyo maana ni vizuri kumlisha asubuhi: ana saa nyingi za joto mbele yake. Ukimlisha usiku na kuzima taa, chakula hulala tumboni.

Miji ya nyanda za juu isijidanganye kwamba iko kwenye tropiki. Nairobi, Arusha, Iringa na Njombe, usiku wa Juni na Julai maji ya ndani ya nyumba hushuka chini ya nyuzi 20. Huko hita ndogo ya majini, yenye kava la kuzuia kobe asiungue, ni lazima.

Maji yawe na kina kinachozidi upana wa gamba lake, ili akipinduka aweze kujigeuza. Kwa ukubwa wa tangi, kadiria lita 40 kwa kila sentimita 2.5 za gamba. Maana yake kobe wa sentimita 10 anahitaji lita zipatazo 160, na kile kidishi chenye mnazi hakina nafasi kwenye hesabu hii. Nunua chujio lililotengenezwa kwa tangi kubwa mara mbili au tatu ya lako, kwa sababu kobe huchafua maji kuliko samaki. Kila wiki toa robo ya maji na uweke mapya yenye joto lilelile.

Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke. Miji mingi ya Marekani hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kulazwa. Huko tumia dawa ya kusafishia maji ya samaki.

Kuna njia rahisi ya kupunguza uchafu. Mhamishie kwenye beseni dogo la maji vuguvugu wakati wa kula, mwache dakika 15 hadi 20, kisha mrudishe. Mabaki ya samaki na punje yatamwagwa na beseni, na tangi litakaa safi.

Ratiba ya wiki kwa kobe wa chini ya mwaka mmoja

- Jumatatu: punje, na nyuzi za sukuma wiki.
- Jumanne: vipande vya nyungunyungu, na karoti iliyokunwa.
- Jumatano: punje, na letusi ya majani marefu.
- Alhamisi: punje, na boga lililokunwa.
- Ijumaa: samaki mdogo na mifupa yake, na figiri.
- Jumamosi: punje, na gugumaji la nyumbani au sukuma wiki.
- Jumapili: majani peke yake.

Mfupa wa dome uwe majini siku zote. Kama punje zako ni nzuri na jua linapatikana, huna haja ya matone ya vitamini. Vitamini A ikizidi huchuna ngozi ya kobe, kwa hiyo usiongeze dawa kwa kukisia.

Pima, usikisie

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kila mwanzo wa mwezi mpime uzito, kisha pima urefu wa gamba kwa rula iliyonyooka, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, bila kufuata mviringo. Andika kwenye daftari. Kobe hutofautiana sana katika kasi ya kukua, kwa hiyo usimlinganishe na wa rafiki yako. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Unachotafuta ni mstari unaopanda polepole. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, kuna tatizo. Ukipaa ghafla huku urefu haubadiliki, unamzidishia chakula.

Siku hiyohiyo mkague. Mshike ubavuni, na kwa ncha ya kidole bonyeza taratibu ukingo wa gamba la nyuma. Kwa kobe wa wiki chache ukingo hunepa kidogo, kama ukucha wa mtoto. Miezi inavyokwenda unepe huo uishe. Akifika mwaka gamba lisibonyee popote. Gamba lililokuwa gumu likianza kulainika ni dharura, mpeleke kwa daktari.

Angalia pia kule miguu inakotokea. Ngozi ikijaa na kufura kiasi kwamba akiingiza miguu ya mbele ile ya nyuma inasukumwa nje, huyo amenenepa. Vipande vya gamba vikiinuka vilimavilima badala ya kutandaa, mara nyingi amekua haraka kwa protini nyingi na jua kidogo. Kilima kilichokwisha kuota hakirudi chini, lakini ukirekebisha mlo, gamba jipya litakua sawa.

Ukiona vipande vyembamba vinavyong'aa vikibanduka, usishtuke. Kobe huyu hubadili tabaka la juu la gamba anapokua. Usivibandue kwa kucha. Vitadondoka vyenyewe akipata mahali pakavu pa kujianika.

Dalili za kutopuuza

- Macho yaliyovimba na kufumba. Mara nyingi ni upungufu wa vitamini A au maji machafu. Kobe asiyeona hatakula, hivyo siku zinahesabika.
- Mapovu puani, kupumua kwa kinywa wazi, kuelea kwa upande mmoja. Hizi ni dalili za mapafu, na huwapata zaidi wanaokaa kwenye baridi.
- Uvimbe upande wa kichwa, nyuma ya jicho. Ni jipu la sikio, na linahitaji daktari alipasue.
- Madoa laini yenye harufu kwenye gamba. Gamba linaoza, tazama usafi wa maji na ukavu wa mahali pa kuotea jua.
- Mdomo uliorefuka hadi kufunga vibaya. Chakula ni laini mno.

Tafuta mapema daktari wa mifugo anayejua reptilia, kabla hujamhitaji. Wengi wamezoea ng'ombe na mbwa, na dozi ya mnyama wa gramu 50 haikisiwi.

Mikono ya watoto

Kobe mwenye afya nzuri anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba la chini ya inchi 4, yaani karibu sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia wadogo hao kinywani na kuugua. Hatari hiyo haijaisha. Kila anayemgusa kobe au maji yake anawe kwa sabuni papo hapo. Maji ya tangi yamwagwe chooni, si kwenye sinki la jikoni. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee dhaifu au mgonjwa mwenye kinga ndogo ni bora isubiri.

Akishapita sentimita 10

Mwaka wa kwanza ukiisha, anza kumpunguzia. Punje ziwe siku moja ndiyo, siku moja hapana, na uhamie zile za wakubwa zenye protini ya asilimia 25 hivi. Akikomaa, punje mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha, na majani yawe ya kila siku. Atalalamika kwa kugonga kioo. Shikilia msimamo: kobe mkubwa mwenye afya anaweza kukaa siku mbili kwa majani tu bila madhara.

Wakati huohuo tangi litaanza kuwa dogo, na hapo ndipo wengi hushawishika kumwachia mtoni. Usifanye hivyo. Kobe huyu yumo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani. Umoja wa Ulaya ulizuia asiingizwe tangu 1997, na mwaka 2016 jamii yake yote ikawekwa kwenye orodha ya wavamizi wasioruhusiwa kuuzwa wala kuzalishwa. Akiingia kwenye bwawa geni hunyang'anya kobe wenyeji chakula na mahali pa kuotea jua. Kama huwezi tena, mtafutie mfugaji mwenye nafasi, au uliza mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako.

Basi hesabu kabla ya kulipa. Bei ya kobe ni ndogo. Gharama iko kwenye tangi, taa, chujio na miaka 20 ya sukuma wiki. Aliye tayari kuibeba anunue taa na kipimajoto kwanza, aviwashe siku mbili hadi joto litulie, ndipo amlete kobe nyumbani.